Mbanguaji Aliyepasua Kidonge

Saa mbili asubuhi, kibanda cha korosho mjini Palasa, mashariki mwa India. Dilleswari Botta anapaka vidole majivu kuzuia mafuta makali ya ganda, anatega korosho kwenye kisu cha mashine, anakandamiza mpini. Ganda linapasuka. Punje inatoka nzima, naye anaitupa kapuni bila kuitazama.

"Nzima ina bei yake, iliyovunjika ina bei yake," anasema. "Mkono ukitetemeka, umekula hasara."

Anatega nyingine.

Ana miaka arobaini na mmoja. Figo zake zilikufa miaka sita iliyopita, kama za majirani zake wengi hapa Uddanam, ukanda wa pwani ulioandamwa na ugonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki damu yake husafishwa kwa mashine. Siku zinazobaki hubangua, kwa rupia mia mbili themanini kutwa.

Mwaka jana mifupa ilianza kumuuma. Figo zikifa, tezi nne ndogo za shingoni, kila moja kama punje ya mchele, hufanya kazi kupita kiasi na kuchota madini ya mifupa. Akapewa kidonge cha kuzituliza: kila siku, kizima, pamoja na chakula.

Ukaingia mwezi wa Kihindu wa Kartika, ambao Jumatatu zake wanawake hufunga mpaka nyota zionekane, kuwaombea waume zao. Dilleswari akameza kidonge mchana kwa maji matupu. Alitapika hadi akalala chini.

"Nikaona dawa ni kali. Nikaanza kukipasua kwa kisu hiki hiki. Nusu leo, nusu kesho."

Hakumwambia mtu. Kila alipopimwa damu, kiwango cha homoni ya zile tezi kilikuwa kimepanda. Miezi miwili iliyopita daktari akamwambia: kisiposhuka, atapasuliwa shingo tezi zitolewe. Mwenzake wa kitanda cha pili, pale anaposafishwa damu, alikuwa amevunjika nyonga kwa kuinuka tu kitandani. Dilleswari akaogopa, akasema ukweli.

"Dada, korosho ukiivunja wanakulipaje?" muuguzi Rohini alimuuliza.

"Nusu bei."

"Basi na kidonge kinakulipa hivyo hivyo."

Leo ni Jumatatu ya Kartika tena. Saa sita, mama mkwe wake, Gunnamma, anaingia kibandani na bakuli la wali alioupika. Yeye mwenyewe hajala tangu jana.

"Makubwa! Jumatatu na wali?" mbanguaji mmoja anamtania Dilleswari. "Mume umemchoka?"

"Mume wake nilimzaa mimi, nitamfungia mimi," Gunnamma anajibu. "Mungu akiwa na neno, nyumba yangu anaijua. Kula, mwanangu."

Dilleswari ananawa majivu. Anakula tonge tatu, anameza kidonge, kizima, kisha anaendelea kula.

Jumamosi atatolewa damu ya kipimo.

"Siombi muujiza," anasema. "Kiwango kikishuka, Kartika ijayo nitakuwa hapa hapa, natoa punje nzima. Mama atafunga, mimi nitakula."

"Mwakani zamu yako kupika," anasema Gunnamma, akiutazama wali na kumeza mate.