Madoa Meupe Kwenye Mawaridi ya Elia

Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe hainitoki puani mpaka leo. Wengine hukumbuka utoto kwa harufu ya maandazi. Mimi nakikumbuka kijiji cha Nyarero, kule Tarime, kwa ukali ule, uliopanda kutoka kwenye kaburi la mdogo wangu. Elia alifariki kwa homa kabla hajajifunza kukaa. Baba alikuwa mwalimu, mama nesi wa zahanati, wote wamepangiwa kazi huko kutoka Njombe, na Njombe ni mbali mno kumsafirisha marehemu mchanga. Tukamzika pembeni ya kanisa, nyuma ya nyumba yetu ya serikali, na mama akapanda mawaridi mekundu pale. Majirani walishangaa kidogo, maana kwao kaburi halikupandwa maua, lakini hakuna aliyemsema.

Mwaka baba alipopata uhamisho wa kwenda Serengeti, katika miezi ile ya baridi na ukungu wa asubuhi, majani yakatoka madoa meupe. Mwanzoni yalikuwa kama unga uliomwagika, kisha yakaungana, machipukizi yakajikunja na vitumba vikagoma kufunguka. Zilibaki wiki chache tuhame. "Maua yakifa, nani atajua hapa kuna mtu?" mama alimuuliza baba. Mbuzi wangepita, na baadaye jembe. Baba, ambaye hakuwahi kukosa jibu hapa duniani, alipitisha kidole juu ya jani akatangaza kuwa ni vumbi la barabara. Akayaosha. Madoa yaliporudi, ghafla akawa na madaftari mengi ya kusahihisha.

Mama aliyachunguza majani kama alivyochunguza vichwa vya watoto kliniki, akasema ni mapunye. Hakukosea sana, ulikuwa ugonjwa wa fangasi kweli, kama mapunye yenyewe, ila dawa alizozijua zilikuwa za binadamu. Kila jioni alichuchumaa na pamba na ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, akipaka jani moja moja, halafu anamwagilia maji kuanzia juu, bila kujua kwamba unyevu ule wa jioni unaulisha ugonjwa. Nilipoyaona mawaridi ya zambarau nilitaka kucheka. Nikamtazama usoni, kicheko kikaisha chenyewe.

Jirani yetu mfugaji, Mama Bhoke, alishindwa kuvumilia. Akaja na kopo la dawa ya kuogeshea ng'ombe. "Mama Neema, wewe acha hiyo ya watoto," alimwambia mama. "Sisi ng'ombe akitoka vitu kwa ngozi tunamwogesha na hii, anapona kabisa. Sasa ua litashinda ng'ombe?" Mama alikuwa ameishiwa mbinu, akakubali. Wakanyunyiza wote wawili, kwa upole, kama watu wanaombatiza mtoto. Siku zilizofuata majani yaliungua, yakapukutika, vikabaki vijiti vyenye miiba. Mama Bhoke alilia kuliko mama. Siku ya kuhama, gari likiwa linaunguruma, mama alirudi kuvimwagilia maji vile vijiti.

Sasa naishi Mugumu, huku huku Serengeti, na nina mawaridi yangu. Madoa yakitokea nakata majani yaliyougua nayachoma, napunguza matawi hewa ipite, namwagilia asubuhi chini ya shina, kisha napuliza salfa ya duka la pembejeo. Yanatulia. Mama alipokuja kunitembelea alinikuta nikipuliza, akauliza nafanya nini. Nikamweleza yote, tena kwa majivuno, mjinga mimi. Alishika jani moja safi, akaligeuza huku na huku.

"Kumbe ilikuwa inatibika," akasema.

Nikamwambia dawa hii imeingia juzijuzi tu, enzi zile haikuwepo. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaingia ndani. Sidhani kama aliniamini. Salfa ilikuwepo. Iliuzwa Tarime mjini, tulikokwenda kila mwisho wa mwezi kununua sukari na sabuni, na hakuna kati yetu aliyejua la kuuliza.