Leso ya Kumlaza Binti Yangu

Mke wangu alifariki siku ya Alhamisi asubuhi, katika hospitali moja ya Kitale, saa mbili hivi baada ya kujifungua. Damu ilikataa kukatika. Walimhangaikia, hilo siwezi kukana. Niliwaona wakikimbia na chupa na shuka, halafu nikaona hawakimbii tena. Daktari alipokuja akaketi kando yangu kwenye benchi badala ya kusimama, nilijua. Alinipa pole, kisha akasema binti yangu yuko salama.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Kazi yangu ilikuwa kupima maziwa katika kituo cha wakulima kule Endebess: wanafika alfajiri na mitungi yao, natumbukiza kipimo, naangalia kama yametiwa maji, wanaendelea. Kwetu tulizaliwa wavulana watupu, na mama yangu alishafariki. Mpaka siku hiyo sikuwa nimewahi kubeba mtoto mchanga.

Tulimzika mke wangu wiki iliyofuata, katika shamba la baba yangu. Mtoto alibaki wodini kwa kuwa alizaliwa na uzito mdogo, na wauguzi walitaka kwanza waone ananyonya vizuri kwenye chupa. Kila siku baada ya kazi nilipanda matatu kwenda kumwona. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha plastiki, wananiwekea mikononi, naye analia. Hakuwa analia njaa. Alikuwa anaanza kusinzia, halafu ghafla mikono yote miwili inaruka juu, vidole vimetanuka, anashtuka na kupiga mayowe. Nilidhani ananikataa. Nilidhani anajua mimi si yule anayemtaka.

Sista mmoja wa wodi, muuguzi wa makamo, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, alinitazama siku mbili. Siku ya tatu alikuja akanisimamia.

"Baba, mbona unamshika huyu kama mtungi wa maziwa?"

Sijui alijuaje kazi yangu. Pengine nilikuwa nanuka.

"Anaogopa," nikasema.

"Haogopi wewe. Amekaa amebanwa tumboni miezi yote hiyo, sasa amejikuta kwenye nafasi kubwa. Mikono yake mwenyewe ndiyo inamshtua, anafikiri anaanguka. Uko na leso?"

Nilikuwa nayo. Mke wangu alikuwa amenunua leso mbili pana za pamba wakati tumbo lilipoanza kuonekana, akaziloweka na kuzifua mara kadhaa kwenye karai mpaka zikawa laini. Nilizikuta kwenye mfuko aliokuja nao hospitalini, zimekunjwa.

Sista aliitandaza moja kitandani, kona moja ikiangalia juu, akaikunja ile kona. Akamlaza mtoto chali, mabega yakiwa sawa na mkunjo. Akashusha mkono wa kulia taratibu, akavuta leso upande huo ikapita kifuani na kuchomekwa chini ya mgongo. Kisha mkono wa pili. Mtoto alilia, akapunguza, akanyamaza. Akamtazama sista kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

"Ukimfunga, usipite mabega. Ikipanda shingoni inaweza kumfunika pua. Lete vidole vyako viwili, ingiza hapa kifuani. Vinaingia? Basi anapumua. Sasa angalia miguu. Miguu usiinyooshe hata siku moja. Iache ikunjwe kama ya chura, apige mateke ndani anavyotaka. Ukiifunga ikinyooka, unaharibu nyonga. Na anakaa chali, si ubavu, si tumbo. Bila mto. Bila blanketi juu."

"Na hii baridi ya Kitale?"

"Gusa shingo kwa nyuma. Ikiwa na jasho, umezidisha nguo. Watoto wengi tunawapika kwa kuwapenda."

Alifungua leso yote, akasogea kando. "Haya. Wewe sasa."

Nilifunga mara nne. Mara ya nne binti yangu alilala mikononi mwangu, mdomo wazi kidogo, na mimi nikalia mbele ya akina mama wote waliokuwa wodini. Sista hakunizuia. Alisema tu, akiondoka, kwamba siku mtoto atakapoanza kujaribu kujigeuza niache kabisa kumfunga, kwa sababu aliyefungwa mikono akigeukia tumbo hawezi kujiinua.

Nilimpeleka nyumbani, kwenye chumba chetu cha kupanga mjini. Mama mkwe alikuja kutoka Bungoma akiwa na dada yake mdogo. Hapa lazima nieleze jambo. Wazazi wangu walikuja huku Trans-Nzoia kutoka Murang'a, na kwetu mkwe unamheshimu lakini unamsalimia kwa mkono. Kwa watu wa mke wangu ni tofauti. Mama mkwe hashikani mkono na mkwewe. Hakai naye karibu. Hawezi kulala chini ya paa lake. Kwa hiyo wale akina mama wawili walilala kwa jirani, na mchana wakija, mama mkwe aliketi kiti cha karibu na mlango. Akitaka kunipa mtoto, alimlaza kwenye kochi, akarudi nyuma hatua mbili, ndipo mimi nikamchukua. Mara nyingi katikati ya hatua hizo mbili mtoto alianza kulia, na sisi wawili tukabaki tunamtazama pale kwenye kochi.

Tulijaribu wiki tatu. Kazi ilinitaka alfajiri, na mwanamke niliyemwajiri alikaa siku tano akaondoka. Mwishowe yule dada yake, maana mama mkwe asingeniambia jambo kama hilo mwenyewe, alinieleza taratibu kwamba mtoto aende Bungoma.

"Si kwamba tunakunyang'anya, baba. Lakini wewe utafanya nini na mtoto mdogo hivi? Mama yake angekuwa na dada hapa, ingekuwa maneno mengine."

Nilipaki chupa, nepi, mkebe wa maziwa na zile leso mbili. Asubuhi hiyo nilimfunga mwenyewe.

Kila Jumamosi niliteremka Bungoma. Boma lao liko nje kidogo ya mji, mahindi upande mmoja na migomba nyuma ya jikoni. Jumamosi ya pili nilifika karibu saa sita, jua kali. Mama mkwe alikuwa uani anachambua mboga. Akanionyesha kwa kidevu kwamba mtoto yuko ndani.

Nilimkuta kwenye kiti kirefu cha sebuleni. Amefungwa ndani ya blanketi zito la kahawia, amelazwa ubavu, mto mgongoni kumzuia asirudi chali. Kofia ya sufu, ya marvin, imeshuka mpaka kwenye nyusi, na juu ya yote wamemfunika shali usoni. Niliondoa shali. Uso ulikuwa mwekundu na unyevu. Nikaanza kufungua blanketi, na ndani nikakuta miguu imenyooshwa, imezungushiwa kipande cha kitambaa kuanzia magotini hadi kwenye vifundo, kama unavyofunga kuni.

Nilifungua haraka kuliko nilivyopaswa. Alipoamka na kulia, kivuli kikaziba mlango.

"Unafungua nini?"

"Mama, ana joto. Amelowa."

"Nimetoka tu kumlaza. Amehangaika tangu asubuhi."

"Hospitali walinionyesha. Miguu isinyooshwe, ikae kama ya chura. Na uso usifunikwe, Mama, hewa..."

"Hospitali." Aliweka sufuria chini. "Hiyo hospitali ndiyo ilinirudishia mtoto wangu kwa sanduku?"

Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina maji ya mboga, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alinitazama machoni moja kwa moja.

"Nimezaa saba," akasema. "Wote nilifunga hivyo. Hata mama ya huyu nilimfunga hivyo hivyo, kwa hiki kiti. Na wewe ulimwona. Alikuwa na miguu mbaya?"

Mke wangu alikuwa na miguu mirefu, iliyonyooka, na alitembea haraka hadi nilikuwa nabaki nyuma barabarani nikimwita. Mama yake alijua kwamba najua. Niliketi sakafuni na mtoto mapajani, nikamwambia ukweli.

"Ilikuwa mizuri, Mama. Sikatai. Lakini mimi sina kitu kingine ninachojua kumfanyia huyu mtoto. Hiki tu. Nilifundishwa hiki kimoja."

Nilisikia kuku wakichakura huko nje. Nilichukua leso, nikaitandaza pale chini kwenye mkeka. Nikamvua marvin na sweta moja, nikamwacha na fulana. Nilimlaza chali, nikashusha mkono mmoja, nikavuta, nikashusha wa pili. Nikaharibu, nikaanza upya. Chini niliiacha leso ikiwa na nafasi, naye akakunja magoti na kuyapanua. Aliguna mara mbili. Macho yakawa mazito.

Mama mkwe alikuwa bado mlangoni. Kisha akasema polepole, "Amerara."

Mke wangu alitamka hivyo hivyo, 'l' ikigeuka 'r'. "Twende tukarare." Nilikuwa namcheka, naye ananirushia mto. Nilikuwa sijasikia neno hilo tangu siku ile tuliyotoka nyumbani na mfuko wa hospitali. Niliinamisha kichwa ili mama mkwe asinione uso, lakini nadhani aliona, kwa sababu nilisikia kandambili zake zikija. Alizivuka zile hatua mbili. Akapiga magoti kwenye mkeka, upande wa pili wa mtoto, karibu hata nikasikia harufu ya moshi kwenye nguo zake.

"Fungua tena," akasema. "Nione ule mkono wa kwanza."

"Ataamka."

"Akiamka tutamlaza. Fungua."

Nikafungua. Alinitazama nikifunga na kupima kifuani kwa vidole viwili, kisha akanisukuma kando kwa kiwiko, akafunga mwenyewe. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu. Alipofika chini, mazoea yakamshika, akaivuta leso kuibana miguu. Nikaweka mkono wangu juu ya wake kuuzuia. Nilishtushwa na nilichofanya. Yeye hakuondoa mkono wake.

"Kama chura?" akauliza.

"Kama chura."

Akalegeza. Akaingiza vidole viwili kifuani kama nilivyomwonyesha, akavitoa. Halafu akaanza kulia, kimya kimya, machozi yakidondokea leso, akasema, "Hakumbeba hata mara moja. Msichana wangu. Hata mara moja hakumbeba." Nami nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: kwamba walimwekea mtoto kifuani kabla hali haijabadilika, kwamba nilikuwepo, kwamba alimgusa kichwa na kusema ana nywele nyingi. Mama mkwe alinitaka niisimulie upya mara tatu. Alisema nini? Alimgusa wapi? Kwa mkono gani? Nilimjibu kila kitu nilichokumbuka.

Tangu siku hiyo alimfunga vile. Majirani wakija kumcheka, eti anamwachia mtoto miguu wazi kwa baridi, aliwaambia baba yake ndiye anataka. Nilijua kwamba usiku wa mvua alikuwa akimwongezea soksi, nami nilinyamaza.

Mtoto alipokaribia miezi minne nilifika Jumamosi moja nikiwa nimepania kumlaza mwenyewe. Ilikuwa ndiyo kazi yangu pale. Kulisha hawakuniachia, kuosha hawakuniachia, lakini kumlaza mchana wa Jumamosi waliniachia. Nilinawa mikono, nikauliza leso iko wapi.

"Nimeziweka," mama mkwe akasema. "Jumatano alijipindua. Hapo kwa mkeka, akafika ubavu, bado kidogo tumbo. Si ulisema akianza tuache?"

Nilisema ndiyo. Ni mimi niliyemwambia. Binti yangu alikuwa amelala chali, mikono imetupwa juu ya kichwa, amelala fofofo, bila kufungwa na mtu. Niliketi kando yake saa nzima. Nilipaswa kufurahi, na kweli nilifurahi, ila sikujua niweke wapi mikono yangu.

Alikulia Bungoma. Alianza kutembea huko, na siku alipotembea nilipigiwa simu. Neno la kwanza alilosema lilikuwa "mama", akimwita bibi yake. Mimi alinijua kama mtu wa Jumamosi, mwenye kuleta mkate na ndizi. Kila nilipoondoka alinipungia mkono bila kulia, na hilo ndilo lililoniuma.

Alipotimiza miaka minne nilipata kazi ya ofisini kituoni, ya mchana, nikaoa mwanamke mwema ambaye alisema mwenyewe kwamba mtoto aje. Shule ilikuwa inafunguliwa Januari. Nilikwenda Bungoma na barua ya shule mfukoni, nikakaa muda mrefu kabla sijaitoa. Mama mkwe aliisoma polepole. Akasema ni haki yangu. Akasema mtoto akae na baba yake. Kisha akaenda jikoni, na alipotoka alikuwa amenawa uso.

Siku ya kuondoka, binti yangu alimshika bibi yake shingoni, akakataa kumwachilia. Tulimbandua kidole kimoja kimoja. Mama mkwe ndiye aliyemwinua na kunipa mikononi, kisha akageuka, akaingia nyumbani bila kutusindikiza.

Kesho yake mchana alinipigia simu. Aliuliza kama mtoto amekula. Nikasema amekula wali kidogo na maharagwe. Akauliza kama amelia. Nikamwambia amelia hadi amechoka. Nilingoja aseme kwaheri, lakini hakusema, na mimi sikukata. Tulikaa hivyo, simu sikioni, nikisikia mtu akikata kuni mahali fulani katika boma lile, mpaka pesa yake ya simu ikaisha.