Ushauri wa Binamu Umenipeleka Juani

Leo nimetolewa mapokezi nikapelekwa getini, na yote ni kwa kumsikiliza binamu yangu.

Brian anasoma chuo Nairobi. Hajawahi kuajiriwa hata siku moja, lakini ana jibu la shida za kila mtu.

Jana nilimweleza vile supavaiza wangu hunifokea mbele ya wageni, hapa hotelini West Bay, Doha, ninakofanya kazi.

"Dada, mwambie tu ukweli kwa upole. Watu wazima huzungumza yakaisha."

Asubuhi nikazungumza. Kwa upole kabisa.

Supavaiza akatabasamu. "Shukran kwa kunieleza. Kuanzia leo utasimama nje. Huko hakuna wa kukufokea."

Na jua la Doha mnalijua.

Nimempigia Brian nikilia. Ameniambia nijifunze kusamehe.

Nimekata simu. Nyinyi mngemjibu nini?