Kibao Chekundu cha Fundi

Jumamosi, tarehe 9 Machi. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu kuanzia saa sita mchana, hakuna upepo. Saa nane kasoro dakika tano Fundi aliingia dukani kwangu, akakung'uta viatu mlangoni, akauliza kabla hata hajaketi, "Shangazi amesema atakuja?"

Nilimwambia hajasema kitu. Alipita kwenda chumba cha nyuma, akaanza kupanga viti.

Fundi ni fundi umeme, mtu wa miaka arobaini na mbili, mwenye kupima kila kitu mara mbili. Tulifahamiana miaka tisa iliyopita alipokuja kubadilisha waya za mashine zangu za fotokopi. Kabla ya kugusa waya yoyote huzima swichi kuu, hutundika juu yake kibao kidogo chekundu cha plastiki kilichoandikwa USIWASHE, MTU YUKO KAZINI, kisha humwendea kila aliyemo ndani ya jengo na kumwambia kwa mdomo. Siku ile alinifuata mpaka chooni, akaniambia kupitia mlango.

Mtu huyo huyo, Jumamosi mbili kwa mwezi, hutusimulia hadithi za kutisha katikati ya maboksi yangu ya karatasi. Ni mchezo wa mezani. Yeye ndiye msimulizi. Sisi wachezaji kila mmoja ana mhusika wake ndani ya hadithi na huamua mwenyewe mhusika huyo afanye nini. Penye mashaka, dadu huamua. Tuko watatu. Yupo Dereva, anayeendesha lori la maji. Nipo mimi, ambaye pia huandika kwenye daftari yote yanayotokea. Na yupo Shangazi, dada wa baba yake Fundi, muuguzi mstaafu.

Fundi ndiye aliyemleta Shangazi mezani, baada ya kufiwa na mumewe, kwa kuwa alimwona anakaa mno peke yake. Mhusika wake alikuwa mzee mtengeneza vinanda, aliyevaa soksi mbili mbili na kuzungumza na paka kama mtu mwenziwe. Hatukuhitaji kuambiwa tabia hizo zimetoka kwa nani. Alimcheza miezi kumi na minne.

Tarehe 13 Januari mzee wa vinanda alikufa. Tulishuka kwenye chumba kilicho chini ya nyumba kuukuu, tukakuta kitu kisichodhurika kwa risasi, na katika dakika kumi wahusika wetu wote walikwisha. Dereva alicheka, akaomba karatasi mpya ya kuandikia mhusika mwingine. Shangazi aliikunja ya kwake mara nne, akaitia mkobani.

"Hukuniambia," alisema.

"Nilisema, Shangazi. Tena mara tatu."

"Hukuniambia." Akachukua mwavuli wake, akaondoka.

Hakurudi mwezi huo, wala Februari. Fundi naye akawa anakwepa mtaa wake, ingawa alikuwa ameahidi kumtengenezea taa ya barazani. Upande wa baba yake, ndugu aliyebaki ni Shangazi huyo mmoja tu.

Katikati ya Februari Fundi alikuja dukani siku ya kazi, ngazi begani, akaomba daftari. Nashukuru nilikuwa nimeandika maneno yake kama alivyoyatamka. Mbwa amekataa kushuka. Ngazi zina baridi isiyo ya kawaida. Chini kuna kitu kinapumua.

"Unaona? Mara tatu," alisema.

Nilirudi nyuma kurasa thelathini hivi, kwenye kisa cha kabati. Paka amekataa kuingia chumbani. Kitasa kina baridi isiyo ya kawaida. Ndani kuna kitu kinapumua. Siku ile tulipofungua kabati tulikuta koti kuukuu likipepea mbele ya tundu la ukutani, na tulicheka mpaka Dereva akamwaga chai.

Alisoma kurasa zote mbili akiwa amesimama. Halafu akaishusha ngazi.

"Kumbe kwangu kila kitu kinapumua."

"Si ndiyo mchezo wenyewe? Tunakuja kutishwa. Ukizidi kututisha, nasi tunazidi kusogea."

Alilifunga daftari. "Kazini siachi waya ijitangaze yenyewe," alisema. "Ikishalia, nimechelewa. Namfuata mtu, namwambia usoni."

Akamwandikia Shangazi ujumbe, akakiri kosa lake, akamwomba aje tarehe 9 Machi hata kama ni kutazama tu. Hakujibiwa.

Basi siku hiyo saa nane na robo mlango ukafunguliwa, Shangazi akaingia na mwavuli unaochuruzika.

"Shikamoo, Shangazi," Fundi alisema, akainuka.

"Marahaba. Nimekuja kukaa, si kucheza."

"Viti ni vya wachezaji," Dereva alisema. "Watazamaji wanasimama."

"Mdomo wako kama breki za lori lako, haukamati. Haya, nipeni karatasi."

Akaandika mhusika mpya, mkunga kijana. Baada ya saa moja wahusika wetu walikuwa ndani ya kiwanda cha sabuni kilichohamwa, mbele ya mlango wa chuma. Dereva alikwisha kushika dadu ili auvunje. Hapo Fundi akatoa kibao chekundu mfukoni, akakiweka katikati ya meza.

"Umekuwa refa sasa?" Dereva aliuliza. "Nani katolewa?"

"Naacha kusimulia kidogo." Sauti ilikuwa yake ya kawaida, ile ya mlango wa choo. "Anayesema sasa ni mimi, si hadithi. Kilicho nyuma ya mlango huu hamkiwezi. Si kwa bunduki, si kwa moto, si kwa bahati ya dadu. Mkiingia, wahusika wenu watakufa. Kuingia mnaweza, hiari ni yenu. Ila nimewaambia."

Dereva aliiweka dadu chini.

"Tukikimbia, mchezo umekwisha?" Shangazi aliuliza.

"Hapana. Kukimbia nako kunachezwa, na si rahisi."

Shangazi alikitazama kile kibao. Kisha akasema, bila kumwangalia yeyote, "Hospitali walituambia hali ya mume wangu inahitaji uangalizi wa karibu, tuzidi kumwombea. Mimi mwenyewe nimewaambia watu maneno hayo miaka thelathini, najua maana yake. Siku hiyo sikuisikia. Nikaenda nyumbani kubadilisha nguo." Akakinyoosha kibao mpaka kikalingana na ukingo wa meza. "Ningeambiwa hivi, ningebaki."

"Sikujua, Shangazi."

"Ungejuaje? Sikumwambia mtu." Akavuta dadu. "Mkunga wangu anakimbia."

"Na mimi nyuma yake," Dereva alisema. "Sifi na kitasa mkononi."

Kukimbia kulichukua saa moja na nusu na kurasa kumi na moja za daftari. Sijawahi kuogopa namna ile mezani, maana safari hii tulijua kinachotufuata. Mkunga alifika barabarani na kiatu kimoja. Shangazi alivua miwani, akafuta machozi ya kicheko, na alipoaga aliushika mkono wa Fundi kwa mikono yake yote miwili.

"Ahsante, mwanangu. Na taa yangu bado iko gizani."

Asubuhi yake, Jumapili, anga lilikuwa jeupe. Saa tatu Fundi alifika kwa Shangazi na ngazi yake. Alizima swichi kuu, akapapasa mfuko, hakukuta kibao. Kilibaki mezani kwangu. Akasema anarudi kukichukua. Shangazi akamzuia, akavuta kigoda, akakaa chini ya swichi, mikono kifuani.

Niliwakuta hivyo nilipokipeleka. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alishaambiwa asiguse, mtu yuko kazini. Muuza maziwa alishaambiwa. Nami niliambiwa, kibao kikiwa mkononi mwangu. Nilipotaka kukitundika, Shangazi alikataa kuondoka pale.

Fundi akapanda ngazi.