Maganda ya Tantine Clémence

Sisi tuliokulia Makomeno, mtaa wa watu wa reli na mgodi, miaka ile mambo yalipoanza kuharibika, tulijua kushika yai kabla hatujajua kushika kalamu vizuri. Watoto wa leo nikiwaambia hivyo wananicheka. Yai wanalolijua wao ni la kwenye trei, linalovuka mpaka wa Kasumbalesa na malori, ganda lake jepesi hata ukilitazama vibaya linapasuka. Yetu yalikuwa mayai ya kanga, yakitoka Lukafu kwenye shamba la ukoo wa mama, yamefukiwa ndani ya kapu la pumba za mahindi. Ganda gumu, la kahawia, lenye madoadoa. Ukilikwangua polepole unakuta weupe chini yake, na kwa weupe huo tulichora kila tulichokijua.

Mwalimu wetu alikuwa Tantine Clémence, dada mdogo wa baba. Hakuolewa. Alikaa katika kijumba cha nyuma kwenye parcelle yetu, yaani kiwanja chetu, na Jumamosi asubuhi watoto wa avenue nzima walijaa kwenye baraza lake. Ufundi wa kuchonga maganda aliupata kwa mtawa mmoja alipokuwa msichana wa bweni, na alitufundisha sisi bila kutuomba chochote. Tulitoboa yai juu na chini kwa sindano, tukapuliza mpaka mashavu yakauma, ute na kiini vikaanguka ndani ya bakuli. Ganda lilioshwa kwa maji na siki, likakaushwa kivulini. Kisha tulikwangua kwa kipande cha wembe kilichofungwa kwenye kijiti: msalaba wa shaba, behewa la treni, samaki, ndege. Wengine walichora bomba la moshi la kiwanda, maana ndilo lililoonekana kutoka kila dirisha.

“Usikamate kwa nguvu,” alikuwa akituambia. “Kamata sawa vile unakamata kidole ya mutoto mwenye analala.”

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza kamwe. Anayetoboa yai ndiye anayelila. Chakula hakitupwi, alisema, na kukitupa wakati wa Kwaresima kungekuwa dhambi kubwa zaidi. Kwa hiyo kabla ya kugusa wembe alikaanga omelette kwa mafuta ya mawese na vitunguu, matungulu kama tunavyoyaita, akasonga bukari, ugali wetu, na kila mtoto akala yai lake mwenyewe. Nyumba ilinuka vitunguu hadi jioni. Mimi nilikuwa nakula haraka haraka, ili nirudi kwenye ganda langu.

Wenzangu hawakuwa hivyo, na walinikera mno. Trésor, mtoto wa fundi wa reli, alikuwa na vidole kama mipini ya jembe. Sijapata kuona ganda lililopona mikononi mwake. Marie-Ange, binti wa familia moja ya Kasai nyumba ya tatu kutoka kwetu, alianza vizuri, mara utasikia kra, limepasuka. Tantine hakuwahi kumgombeza. Alimpa lingine, atoboe, apulize, ale tena. Mimi ambaye sikuvunja hata moja sikupewa la pili. Nililia kwa mama kwamba Tantine anapendelea wavivu, na mama akaniambia nifunge mdomo.

Basi watu walikua, wakatawanyika. Mimi nilibaki na wembe. Nimechonga maganda maisha yangu yote. Nimechonga kwa ajili ya ubatizo, ndoa, jubilei za mapadri. Vidole vimeinama, macho yanadai miwani mipya, na sijapata mtu wa kumwachia. Binti wa kaka yangu aliwahi kuja, nikafurahi kweli. Alinirekodi kwa simu kidogo, akaweka muziki, akaondoka. Wembe hata hakuugusa. Watu wengi wameipenda ile video, aliniambia, kana kwamba nitakula kupendwa.

Mwaka huu Tantine ni mzee sana na haoni, lakini vidole vyake bado vinasoma ganda vizuri kuliko macho yangu. Nikasema: Pasaka hii nitawatafuta wanafunzi wake, kila mmoja amchongee yai moja, Tantine ayashike mwenyewe, ajue kwamba kazi yake haikufa. Kusema kweli nilitaka kulijua hilo mimi mwenyewe. Nilichoka kuwa peke yangu.

Trésor sasa ni mtu wa forodha Kasumbalesa, ana tumbo na gari. Aliponiona alinikumbatia mbele ya foleni nzima ya madereva, akaniita yaya kama anavyoitwa ndugu mkubwa.

“Yaya Gode! Tantine iko muzima? Eh, ile omelette! Na matungulu! Mu maisha yangu yote sijakula tena omelette sawa ile.”

Nikamwambia habari ya mayai ya Pasaka. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayejaribu kukumbuka.

“Maganda gani, Yaya?”

Nilirudi mjini nimenuna njia nzima. Kwa Marie-Ange, anayeuza vitenge, nilitegemea mengi zaidi. Yeye aliyakumbuka maganda. Alicheka sana.

“Nilikuwaka navunja makusudi! Moya inapasuka, Tantine ananipa ingine. Sikuwa nakula yote. Ingine nilikuwa naweka mu kopo ya maziwa, napelekea bandugu yangu ku nyumba.” Kisha akaacha kucheka, akaanza kukunja kitenge ambacho kilikuwa kimekunjwa tayari. “Mama hakujuaka ilitoka wapi. Angejua, angenipiga.”

Nilifika kwa Tantine nikiwa na hasira ya kububujika. Nikamwambia yote: hawa watu walikuja kula tu, wamekudanganya, hakuna hata mmoja anayejua kushika wembe. Nilidhani atahuzunika. Alicheka mpaka akakohoa.

“Mi nilijua, mwana. Wakati ule ba papa ba ku reli na ku mugodi banaenda ku kazi, banarudia mikono mitupu. Nilitumaka bunga kwa mama ya Marie-Ange. Akanirudishia. Akasema, mu nyumba yake habaombake. Njo nikawaza mayai. Mutoto akifanya kazi, akula, hakuna mutu atasema aliomba.”

“Na kuchonga, Tantine?”

“Kuchonga ilikuwa ya kufunika sahani.”

Akanyoosha mkono, akautafuta uso wangu, akaushika kwa vidole vile vile vilivyonifundisha.

“Weye ulikuwaka umeshiba, mwana. Mama yako alikuwa na shamba. Njo maana ulibakia unaangalia maganda.”

Sijui kama alikusudia kuniumiza, nadhani hapana. Lakini iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika haya. Maisha yangu yote nimelinda kitu ambacho mwenyewe aliyenipa hakukihesabu. Usiku ule sikugusa wembe, wala Pasaka ilipofika. Nilimkaangia Tantine omelette, akala kidogo, akasema chumvi haitoshi.

Wiki iliyofuata walikuja watu wakubwa kugawa unga Makomeno. Vijana wenye simu walitangulia, mmoja akipanga kina mama mstari, mwingine akiwaambia wainue uso, watabasamu, waseme aksanti kwa sauti. Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, alijifunika kitenge mpaka puani. Kijana akamwambia afunue, picha haionekani vizuri. Akafunua. Akatabasamu. Vijana wa leo wanasema hiyo ndiyo kusaidia, kwamba kitu kisichoonekana hakikufanyika, na wakiona uso wangu wananiita mzee wa zamani.

Ni kweli, mimi ni wa zamani. Njaa ya zamani na njaa ya leo ni ile ile, sidanganyi mtu. Ila zamani watoto wa yule mama wangeitwa Jumamosi kwenye baraza, wangepewa sindano na yai, na yeye angebeba mfuko wake sokoni akiwaambia majirani kwamba wanawe wako kwa Tantine Clémence, wanajifunza kazi.