Nafasi Kando ya Mumewe

Rafiki yangu alikuwa akifagia mahali ambapo angezikwa. Alifanya hivyo kila Jumamosi kwa ufagio wa vijiti, na nikimkuta hakuona haya.

"Nafagia chumba changu," aliniambia. "Mzee amelala upande wa ukutani, vile alivyozoea. Huu wa mlangoni ni wangu."

"Na kukoroma kwake?"

"Nilivumilia akiwa hai. Sasa ametulia."

Hapo ni Kinoo, pembeni mwa Nairobi, nyuma ya nyumba yake ya mbao, kati ya zizi la ng'ombe na migomba. Mumewe alizikwa hapo kama wazee wetu wengi walivyozikwa, kwenye shamba lake mwenyewe, na kando yake ikaachwa nafasi ya mke. Mgeni akiingia na kuona kaburi moja na nafasi tupu, alijua kwamba mwenye nafasi bado anakamua ng'ombe wake.

Tulikuwa marafiki tangu tulipoolewa. Tulibeba mboga pamoja hadi Westlands, tukizunguka kwenye milango ya nyuma ya nyumba za Wahindi. Kulikuwa na mama mmoja aliyevunja michiri kadhaa, yale maharagwe mabichi ya maganda, kupima kama ni laini, kisha akasema hanunui. Rafiki yangu aliokota vipande vyote akamwambia, "Asante mama, umenipunguzia kazi ya jioni." Kuanzia siku hiyo yule mama alinunua kwake tu.

Baadaye Mungu alinijalia kusoma katika chuo cha wainjilisti, nikarudi kufundisha darasa la ubatizo kanisani kwetu. Mwana wake wa kwanza alikuwa mwanafunzi wangu, na hakuna aliyekariri upesi kama yeye. Alifanikiwa. Akapata ofisi Westlands na nyumba Kitisuru, yenye mlinzi na mbwa wawili. Nilimwombea tangu akiwa mtoto, na alipofika hapo nilishukuru kama vile ni wangu. Hata leo ananiita mwalimu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mashamba ya Kinoo yalianza kuotesha ghorofa mahali pa mahindi. Kijana akaja kumwomba mama yake ruhusa ya kujenga pale nyumba za kupangisha. Nilikuwepo, tunakunywa chai.

"Jenga," mama alisema. "Ng'ombe nitamuuza. Lakini kaburi la baba yako lisiguswe, na nafasi yangu isiguswe."

"Mama, hilo hata usiwaze."

Wakati wa ujenzi alichukuliwa Kitisuru ili asikae kwenye vumbi. Nilimtembelea. Mkaza mwana alikuwa akimwambia, "Pumzika, mama, pumzika tu," na msichana wa kazi alimfuata nyuma na kitambaa, akipangusa nyayo zake sakafuni. Aliniambia kwamba bado anaamka saa ya kukamua. Anavaa viatu, anaketi kitandani, anangoja kuche. "Hata sijui ninangoja nini," alisema. Mtu aliyeamshwa na ng'ombe maisha yake yote, ukimwondolea ng'ombe humpi usingizi. Unampa tu muda mrefu wa kukaa macho.

Nyumba zilipokwisha, tulienda kuziona sisi wawili. Ua lote lilikuwa limesakafiwa. Kaburi lilikuwepo, na msalaba wake, kama alivyoahidiwa. Juu yake walikuwa wamepitisha kamba za kuanikia, na suruali ya mtu ilikuwa ikidondosha maji juu ya msalaba.

Rafiki yangu alicheka. "Afadhali. Kuoga alikuwa anakwepa."

Kisha akatazama upande wake. Palikuwa na kifuniko cha zege cha mraba, chenye mshikio wa chuma. Mwanamke aliyekuwa akifua karibu nasi alisema bila kuinua kichwa, "Shosho, msikanyage hapo. Hicho kifuniko kinatikisika. Ni shimo la choo."

"La choo cha nani?"

"Cha ploti yote, shosho."

Rafiki yangu alisimama pale mpaka suruali ikaacha kudondosha.

Kijana alikuja Kinoo Jumapili, baada ya ibada, pamoja na mkewe. Hakukana neno. "Fundi alisema mteremko unaelekea hapo. Maji machafu hayawezi kupanda mlima kwa sababu ya heshima."

"Na mimi?"

"Wewe bado uko hai, mama."

"Na nikifa?"

"Ukifa hutajua."

Mkewe akacheka. "Mama naye! Anataka kuona chumba kabla ya kuhamia."

Kijana akanigeukia. "Mwalimu, si ni wewe uliyetufundisha? Mwili ni vazi, roho ikitoka linabaki tambara. Sasa mwambie. Ama huko mbinguni mtu anaulizwa alizikwa wapi?"

Maneno yale yalikuwa yangu. Niliwaambia hivyo watoto walioketi kwenye viti vya mbao, ili wasiogope maiti. Alikuwa ameyahifadhi yote, hata lile tambara.

"Nilikufundisha pia kumheshimu mama yako," nikasema.

"Namheshimu. Muulize alikula nini leo. Muulize alilala wapi."

Mama yake alisema kwa sauti ndogo, "Basi mtoe baba yako hapo, tuzikwe pamoja kwingine."

"Kufukua mtu? Na wapangaji wakitazama? Watahama wote kabla ya jioni."

Hapo mazungumzo yakaisha, kwa sababu mkewe alikuwa ameshika funguo za gari.

Rafiki yangu alikataa kurudi Kitisuru. Alichukua chumba cha chini kinachotazama ua, na kila asubuhi aliwafukuza watoto wa wapangaji waliokuwa wakiruka juu ya kile kifuniko. Walimwita shosho wa choo, yaani bibi wa choo. Mama zao waliwakemea, kisha wakageuka upande wa pili kucheka.

Nilimwambia kwangu, kando ya kaburi la mume wangu, kuna nafasi.

"Nizikwe kwako nikiwa nani?" aliniuliza. "Mume wako ataamka aseme, huyu naye ameletwa na nani?" Tulicheka mpaka akalia, na alipoanza kulia hakuweza kuacha. Nilimshika mkono. Nilisali, lakini sikumwambia kwamba mwili ni vazi.

Aliugua majira ya baridi, akafa hospitalini. Kijana alikuwa amekwisha kununua ardhi mbali, upande wa Kajiado, mahali pa nyasi kavu na upepo, ambapo mama yake hakuwahi kukanyaga. Mazishi yalikuwa makubwa. Kulikuwa na mahema, mabasi ya kukodi, na picha ya marehemu iliyopigwa akiwa Kitisuru, amevalishwa shanga ambazo si zake.

Mkaza mwana alisimama akasema, "Mama alipenda maisha ya mashambani. Tumempa shamba kubwa kuliko lile la Kinoo." Watu wakapiga makofi. Karibu na marehemu hapakuwa na kaburi lingine, wala nyumba, wala mti.

Nilipewa kipaza sauti kama rafiki wa marehemu, nikaambiwa niwe mfupi. Nilimshukuru Mungu kwa mwanamke aliyefanya kazi na kuchekesha watu. Kisha nikasema, "Mahali alipotaka kulala anapajua kila mtu wa Kinoo. Ni kando ya mume wake. Mwanawe aliahidi hapataguswa, na leo pale pana—"

Kijana alikuwa amefika kwangu tayari. Alinikumbatia bega mbele ya watu wote, na kwa upole mwingi akakitoa kipaza sauti mkononi mwangu.

"Tumpigie mwalimu wetu makofi," alisema. "Ndiye aliyenifundisha imani. Siku hizi anachanganya mambo kidogo, ni umri tu. Mtusamehe."

Walipiga makofi. Wengine walinitazama kwa huruma, na mzee mmoja wa kanisa letu, aliyeijua ile nafasi vizuri kama mimi, akainamisha kichwa akijifanya anasali.

Jeneza liliteremshwa. Udongo wa pale ni mgumu, hivyo ulianguka kwa mabonge, na kila bonge lilisikika. Mkaza mwana alinishika kiwiko akanipeleka kwenye kiti cha kivulini, akaniwekea soda mkononi. "Kunywa, mama, jua ni kali," akasema, na nadhani alikuwa anamaanisha.

Soda ilikuwa baridi. Nilikuwa na kiu tangu asubuhi. Nikashukuru kwa mdomo, kama ninavyoshukuru kwa kila kitu, nikainywa yote huku wakimfukia.