Masale ya Mlango wa Jikoni

Enzi zetu, mtu alihama nchi na jembe lake. Msicheke. Siku hizi kijana akipata kazi ng'ambo anabeba begi moja na chaja, akifika anapiga picha ya kitanda, basi, amehama. Mama yangu alipovuka Namanga, nyuma ya lori kulikuwa na majembe mawili, tenga la kuku, gunia la maharage, masufuria ya kutosha kupikia harusi, na mbegu za sukuma wiki alizozifunga kwenye pindo la kanga. Askari wa mpakani akamuuliza, "Mama, kwani Tanzania hakuna majembe?" Mama akamjibu, "Yapo, lakini hayajazoea mkono wangu." Yule askari alicheka mpaka akasahau kutufungulia kizuizi.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa mtaalamu wa maua kule Naivasha, na ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa Tanzania na wenye mitaji wakaja Usa River kulima waridi la kupeleka Ulaya. Wakamtafuta mtu anayejua kulikata waridi likafika huko bado limefumba. Baba akaitwa, akaitika. Kaka yangu mkubwa alibaki kwa babu amalize shule. Tukaondoka watatu: Baba aliyefurahi, Mama aliyenuna, na mimi niliyetapika kutoka Namanga hadi Arusha.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya mzungu wa zamani wa kahawa. Ilikaa miaka bila mtu, na nyumba isiyo na mtu huwa na adabu mbaya. Sakafu ya mbao ililia ukipita, na ililia tena hata ukishapita. Darini waliishi popo, wengi, wenye kelele za sokoni. Sebuleni kulikuwa na shimo la kuotea moto ambalo tulipoliwasha mara ya kwanza lilitema moshi wote ndani, tukakimbilia nje tukikohoa, Baba akiwa na blanketi kichwani. Bafuni kulikuwa na beseni kubwa la chuma lenye miguu kama ya mnyama. Mama alilizunguka mara mbili, akauliza mtu mzima anawezaje kulala ndani ya uchafu wake mwenyewe akasema ameoga, kisha akalijaza mahindi. Tukaendelea kuoga kwa kopo kama watu.

Lakini asubuhi! Ulifungua dirisha la jikoni ukauona Mlima Meru umesimama pale pale, umevaa wingu shingoni, na baridi ya mlimani inakupiga usoni na harufu ya kahawa iliyochanua mwituni bila mwenyewe. Niliipenda ile nyumba kabla Mama hajaipenda. Sikumwambia, maana kumwambia kungekuwa sawa na kumsaliti.

Shuleni nilipata taabu yangu. Naivasha nilisoma hesabu kwa Kiingereza. Hapa mwalimu akasimama akaniuliza habari za kigawe kidogo cha shirika, nikadhani anamtaja ndugu yake. Asubuhi ilianza kwa mchakamchaka, tukikimbia na kuimba kuzunguka kijiji, mimi nikiwa wa mwisho, viatu vyangu vya Kenya vikiwa vimejaa vumbi jeusi. Na salamu jamani! Kwetu mtoto alimwambia mtu mzima "habari" akapita zake. Hapa nilimwambia hivyo mwalimu mkuu, darasa zima likashika midomo. Aliyeniokoa ni msichana wa jirani aliyeitwa Upendo. Alinifundisha kusema shikamoo kila nilipoona mvi, na kwa usalama nikawa nawaamkia hata mbuzi. Wiki mbili hazikupita tukawa hatuachani. Kwao tulikula loshoro, mahindi na maziwa mgando, mpaka tumbo likagoma; kwetu tulikula githeri, naye akasisitiza kwamba hayo ni makande tu yamebadilishwa jina mpakani.

Upendo alilelewa na bibi yake, Bibi Anaeli, Mmeru mrefu, mnyoofu, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Ndiye aliyekuwa jirani wa kwanza kuja kutukaribisha. Alileta kibuyu cha maziwa na mkungu wa ndizi, akaingia kwa mlango wa jikoni bila kuonyeshwa. "Hapa napajua," alisema. "Marehemu mume wangu alikuwa mpishi wa nyumba hii. Tuliishi vile vyumba vya nyuma, enzi hizo tuna mtoto mmoja." Akatazama nje, upande ambako kulikuwa na kichaka cha majani marefu, membamba, yamesimama duara. Kisha akaaga. Angesema tu! Lakini nani anamweleza mgeni mambo ya makaburi siku ya kwanza?

Sisi hatukujua. Mama aliona kichaka kimekalia udongo mzuri kuliko wote, karibu na jiko, karibu na maji. Masika yalipoanza akavua kandambili, akachukua jembe lake lililozoea mkono, na kabla ya chai ya saa nne kile kichaka kilikuwa kimelala chali. Mizizi aliipiga mpaka ikaachia. Akasawazisha, akafungua pindo la kanga, akapanda sukuma wiki. Nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Namanga.

Mimi nilifanya baya zaidi. Nilichukua yale majani nikayafunga fungu zuri, nikajivika pazia kuukuu, nikawa bibi harusi. Upendo alipokuja kucheza nami, nilimpokea mlangoni nikiimba na majani yangu mkononi. Akaniangalia. Akaangalia majani. Akatazama pale kwenye sukuma wiki, akageuka akakimbia akilia, na kandambili yake moja ikabaki kwenye ngazi zetu.

Baada ya hapo watu walitusalimia, ndiyo, maana Wameru hawamnyimi mtu salamu. Lakini ilikuwa salamu ya mdomoni. Maziwa yaliacha kuja. Zamu yetu ya maji ya mfereji ilifika, ikapita, na hakuna aliyetuita. Jumamosi, soko la Tengeru, Mama alisimama mbele ya nyanya akasema kwa sauti yake ya Naivasha, "Nipe kilo mbili," na mwenye nyanya akaendelea kupanga mafungu yake. Mama aliamini wanatuchukia kwa kuwa ni Wakenya. Alivumilia mwezi mzima, na kwa Mama mwezi ni mrefu. Jioni moja akavuta masanduku kutoka chini ya kitanda.

"Shule ikifungwa, mimi na Wambui tunarudi kwetu," alimwambia Baba. "Wewe baki na maua yako."

Baba akaenda mlangoni. Alikuwa mtu wa kunyamaza, akiumia anakwenda kufunga mlango ambao umeshafungwa. Mimi nililala nikilia. Nilimtaka Mama, nilimtaka Baba, niliitaka ile nyumba inayolia, na nilimtaka Upendo. Sikuona jinsi ya kuwapata wote.

Kesho yake nilichukua ile kandambili nikaenda kwao. Upendo alikuwa anachambua mboga nyuma ya nyumba. Hakunikaribisha, lakini hakunifukuza. Nikamuuliza tulichowakosea.

"Mmeng'oa masale," alisema. "Baba yangu mkubwa amelala pale."

"Baba yako mkubwa yupi?"

"Alikufa na miaka minne. Ndiye wa kwanza wa Bibi. Bibi aliyapanda mwenyewe, kila Pasaka anakuja kuyapalilia. Na wewe ukaolewa nayo."

Baba mkubwa wa miaka minne. Nilikuwa nimemzidi miaka sita na nilikuwa nimecheza harusi na majani ya kaburi lake. Nilirudi nyumbani mbio nikamwambia Mama pale pale, akiwa anachuma sukuma wiki. Majani yakamdondoka. Akakaa chini kwenye udongo, na gauni lake jema.

"Ngai, Mungu wangu!" akasema. "Nimelima juu ya mtoto wa mtu."

Naye pia alikuwa amezika mtoto mmoja, kabla yangu, kule Naivasha. Tulipohama, huyo ndiye Mama aliyemuaga wa mwisho. Hilo nililijua siku hiyo, hapo kwenye matuta.

Tukaenda kwa Bibi Anaeli jioni ile ile na kilo mbili za sukari, majani ya chai ya Kenya na kitenge kipya, vile ambavyo kwetu ungefanya. Bibi alitupokea vizuri, akatupa chai. Mama aliomba msamaha kwa maneno mengi, akalia. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akausogeza ule mfuko wa sukari ukarudi upande wetu, taratibu, kwa vidole viwili.

"Nimekusikia, Mama Wambui," alisema. "Nendeni salama."

Njiani Mama alitembea mbele, mfuko wa sukari kwapani. Nilijua masanduku yale hayatarudi chini ya kitanda. Ndipo Upendo akatukimbilia nyuma, anahema, akamshika Mama kanga. "Shikamoo mama. Huku mtu akikosa haleti sukari. Analeta sale. Ukileta sale, Bibi hawezi kukukatalia."

Tutalipata wapi? Tuliyoyang'oa Mama alikuwa ameyatupa kwenye lundo la samadi nyuma ya banda la kuku, na kuku wetu wa Naivasha hawakuwa na heshima. Tulifukua kwa mikono, mimi na Mama, kiwiko kwa kiwiko, harufu imetukaba. Yote yalikuwa yameoza. Mama akakata tamaa, akainuka kujifuta. Mimi nikaendelea tu, kwa kuwa ndimi niliyeimba. Chini kabisa nikashika kitu kigumu: shina moja, limepinda, limepondwa na jembe, na ubavuni limechipua majani matatu mabichi.

Kulipokucha Mama alioga, akafunga kitambaa cha kanisani. Alichuma jani moja, akalibeba kwa mikono miwili kama anabeba kikombe kilichojaa, mimi nikamfuata na lile shina. Wanawake waliokuwa mferejini waliinua vichwa. Mmoja aliweka ndoo chini. Bibi Anaeli alikuwa anafagia uwanja. Alituona tukiwa mbali, akauegemeza ufagio ukutani, akasimama akitusubiri.

Mama alimwendea moja kwa moja. Alipiga goti, akanyoosha mikono. Mama yangu, jamani, aliyebishana na askari wa mpakani!

Bibi alilitazama lile jani muda mrefu. "Umelitoa wapi?"

"Kwenye shina lake, mama. Halikufa."

Bibi akalipokea. Akasema, "Ukiniletea hili siwezi kukukatalia, hata kama ningetaka. Na jana nilitaka." Kisha akamwinua Mama kwa kiwiko, na wale watu wazima wawili wakalia wote, na mimi na Upendo tukalia kwa kuwa tuliona wakubwa wanalia.

Alikuja kwetu asubuhi hiyo hiyo. Alisimama kwenye mlango wa jikoni, akahesabu hatua kumi na moja, akaonyesha kwa kidole cha mguu. Mama akachimba. Alipotaka kung'oa sukuma wiki yote, Bibi akamzuia. "Iache hapo pembeni. Mboga hazimsumbui mtoto." Akamwuliza Mama jina la yule aliyebaki Naivasha. Mama akamtajia. Bibi akalirudia mara mbili, asije akalisahau, na kila Pasaka iliyofuata, walipopalilia pamoja, aliwaombea wote wawili kwa majina yao. Masanduku yakarudi chini ya kitanda. Moja panya walilitoboa wakazalia humo, maana halikufunguliwa tena.

Hatukuondoka. Baba alistaafu kwenye waridi, Mama akawa maarufu Tengeru kwa sukuma yake, na akajifunza kusema "naomba" kabla ya nyanya. Bibi Anaeli alitangulia. Nyumba ile imebomolewa, pamesimama hoteli ya watalii yenye bwawa la kuogelea. Tulipopewa taarifa, mimi na Upendo tulikwenda na jembe tukayahamisha masale mpaka kwao, na udongo wake. Mama alipofariki, kaka yangu alitaka tumpeleke Naivasha. Lakini Mama alikuwa ameshasema pa kumlaza: Usa River. Upendo akaja na shina moja kutoka kwenye yale yale, akalipanda kichwani pake.

Sasa ninyi wa rika langu niambieni, nani anabeba jani siku hizi? Mwanangu wa kwanza alinikosea juzi, akanitumia "sori" kwenye simu, na kijiuso kinacholia, naye yuko chumba cha pili! Nikakijibu kwa kukinyima wali. Sisemi zamani kulikuwa na malaika. Tulikosana, tena vibaya. Ila kuomba radhi kulikuwa na safari, mtu akakuona unakuja na jani toka mbali, na ukifika magoti yanajua kwamba umefika.

Pasaka iliyopita mtoto wa kaka, Kamau, alinitembelea kutoka Kenya. Nikampeleka kwenye kaburi la Mama, bibi yake. Masale yamekua, yamefika kiunoni. Nilikuwa nimeinama nafuta vumbi kwenye msalaba nikasikia, "Shangazi, si niyang'oe haya majani? Yanaziba jina." Nilipogeuka alikuwa ameshashika shina kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine, amekaza misuli.

Nilipiga ukelele ambao ulisikika mpaka barabara ya Moshi. Simu ikamponyoka. Akasimama pale ananitazama, kijana wa watu, uso wa Mama mtupu, haelewi kabisa amekosa nini.

Moyo ukanilainika. Nikachuma jani moja, nikamwekea viganjani.

"Shika kwa mikono miwili," nikamwambia. "Sasa kaa chini. Bibi yako naye alianza hivyo hivyo."